Fimbo Kumi na Nane Hadi Shuleni

Tangu nirudi, kila anayepita kwenye meza yangu pale sokoni Kamina ananiuliza jambo lile lile: walikuchukua, au hawakukuchukua? Nikianza kujibu, mteja anafika, au pikipiki inapita ikipiga honi, na jibu linakatikia katikati. Nimeona heri niandike mara moja, kwa utaratibu. Msome na mpitishiane.

Kwa wasiojua chanzo chake: mimi ni fundi saa, nina miaka hamsini na mmoja, na fizikia nimejifunza peke yangu kwa vitabu vya Kifaransa visivyo na majalada. Mkuu wa shule moja ya sekondari, ambaye kwetu tunamwita prefe, aliniletea ujumbe kutoka Kabondo-Dianda, eneo la chifu tunaloliita usultani. Shule yake iko mbali na reli, na huu ni mwaka wa pili haina mwalimu wa fizikia. Diploma sina, naye alijua. Alisema nikifundisha somo moja la majaribio mbele ya kamati ya wazazi, na kamati ikiridhika, atanipa darasa. Siku ni Ijumaa, saa mbili asubuhi. Mada ni kasi, uhamisho na kasi ya wastani. Wazazi wale ni wakulima, na hiyo ndiyo asubuhi pekee waliyoitoa.

Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu. Niliihitaji kazi ile. Na zaidi ya kazi, nilitaka angalau mara moja mtu aniite mwalimu bila kunitania.

Kituoni Kamina

Gari moshi lilitangazwa kuondoka Jumanne asubuhi. Liliondoka Jumatano saa tisa alasiri. Katika muda huo nilikaa juu ya begi langu, nikala mahindi ya kuchoma mara tatu, na nikarudia somo langu kichwani mpaka likapoteza ladha. Lilikuwa somo zuri la kitabuni: gari A linatoka mji mmoja, gari B linatoka mji mwingine, barabara imenyooka, hakuna anayesimama njiani.

Mke wangu Mado, ambaye naye ana meza ya karanga sokoni, alikuja Jumanne jioni kuona kama nimekwisha kwenda. Alinikuta pale pale.

"Kumbe ungali hapa," alisema.

"Ningali hapa."

Aliniachia karanga akarudi nyumbani. Jumatano mchana alikuja tena, akaacha karanga nyingine.

Katika behewa

Nilikaa karibu na Mama Kapinga, mfanyabiashara wa nguo kuukuu aliyekuwa akienda Luena. Ni mtu wa Kasai kama wazazi wangu, mwenye sauti ya kusikika hadi behewa la pili. Kandokando ya reli kuna vijiwe vya kilomita. Nilitoa saa na daftari, nikaanza kuandika muda wa kila kijiwe nilichofaulu kukiona.

"Papa, weye unaandika nini kila saa?"

"Napima kasi ya gari moshi, mama."

"Na yeye anayua kama unamupima?"

Watu wakacheka. Nikamwonyesha daftari. Kilomita kumi za kwanza tulizipita kwa dakika ishirini, yaani mwendo wa kilomita thelathini kwa saa. Kumi zilizofuata, kwenye mlima, zilichukua dakika arobaini, yaani kumi na tano kwa saa. Nikamwuliza kasi ya wastani ni ngapi.

"Makumi tatu na kumi na tano, unakata katikati. Makumi mbili na mbili na nusu."

"Wengi husema hivyo. Lakini tazama: kilomita ishirini zote, kwa dakika sitini zote. Ni ishirini kwa saa. Mwendo wa polepole tumeukalia muda mrefu zaidi, kwa hiyo unavuta hesabu kwake."

Alifikiri kidogo. Kisha gari moshi likasimama porini, kwa sababu ambayo hakuna aliyetueleza, na likabaki pale saa tatu.

"Na hizi saa tatu," Mama Kapinga akauliza, "unaziweka mu hesabu ao unaziachilia?"

"Zinaingia. Unagawa kwa muda wote, tangu unapoondoka hadi unapofika, hata ule wa kusimama. Kilomita ishirini kwa saa nne: ni tano kwa saa."

"Basi tangu Kamina ningekamata kinga yangu."

Kinga ndiyo baiskeli. Alisema kweli. Aligawa bukari, yaani ugali, na samaki mkavu kwa wote tuliokuwa karibu, akanipa mimi kipande kikubwa, akisema mwalimu asife njiani. Nililala nimeketi. Alhamisi saa mbili asubuhi nilishuka kwenye kituo kidogo chenye jengo moja na mbuzi wengi kuliko abiria.

Pikipiki

Kijana mmoja alikubali kunipeleka hadi shuleni. Tuliondoka saa tatu na nusu. Njia ilikuwa mfereji wa mchanga, halafu mfereji wa matope, halafu mfereji wa mawe. Baada ya saa mbili gurudumu la mbele liliingia kwenye ufa, sote wawili tukaenda chini. Goti langu la kushoto lilivimba. Rimu ya pikipiki ilipinda kabisa.

"Papa, minyi narudia," kijana alisema. Hakuwa na la kufanya. Aliisukuma pikipiki yake kurudi tulikotoka, nami nikakaa kwenye kivuli chembamba nikitazama goti.

Fimbo

Saa saba kasoro walitokea wanaume watatu wakisukuma baiskeli zilizobeba chumvi, sabuni na mafuta. Hawa hawapandi baiskeli. Wanazisukuma, mzigo ukiwa mzito kuliko mtu. Kila mmoja ana fimbo nene yenye panda. Akichoka, anaitegemeza baiskeli kwa fimbo hiyo, inasimama peke yake, anapumzika. Akianza tena, anaing'oa. Walikuwa wanapita shuleni. Mkubwa wao, Ilunga, alilitazama goti langu, akalichukua begi langu la vitabu bila kuulizwa na kulifunga juu ya chumvi.

"Mpaka shuleni ni mbali?" nikauliza.

"Fimbo kumi na munane."

Njia nzima wanaihesabu hivyo. Fimbo moja ni kipande cha njia tangu kuing'oa fimbo hadi kuitegemeza tena. Wote watatu walikubaliana kwamba ni kumi na nane, kama vile mimi na ninyi tunavyokubaliana kwamba saa ina dakika sitini. Nikafurahi sana. Hiki kilikuwa kipimo, na vipimo ndiyo kazi yangu.

Tuliondoka saa saba kamili. Nilipima fimbo ya kwanza: dakika ishirini na mbili, hatua elfu moja na mia sita. Hatua yangu ni sentimita sabini na tano, basi fimbo moja ni kilomita moja na mita mia mbili. Mkulima mmoja aliyekuwa akipalilia alinisikia nikihesabu hatua kwa sauti, akaja hadi njiani na jembe lake.

"Unapima shamba ya nani?"

"Sipimi shamba, baba. Napima njia."

"Bale balikuya kupima mbele yako, nabo balisema njia."

Ilunga akamwambia, "Mwache, papa. Anapima uchovu yangu." Mkulima alitufuata kwa macho mpaka tulipopotea.

Pumziko la kwanza lilikuwa fupi. Fimbo ya pili ilichukua dakika ishirini na mbili vilevile. Tulipopumzika tena nilifanya hesabu: kumi na nane mara ishirini na mbili ni dakika mia tatu tisini na sita, yaani saa sita na dakika thelathini na sita. Ningefika jioni hiyo hiyo kabla ya saa mbili, nilale, niamke na nguvu. Nilikuwa bado nimeishika kalamu pikipiki nyingine ilipotufikia. Dereva alikuwa peke yake, akienda kule kule. Alisimama, akapiga-piga kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Panda, papa. Kiti kiko bure."

Nililitazama goti langu. Nikalitazama daftari. Nikamwambia asante, nitafika jioni kwa miguu.

"Kwa miguu, jioni?" Alimtazama Ilunga.

Ilunga alinyanyua mabega. "Ni yeye anayua kuhesabu," alisema.

Pikipiki ikaenda.

Fimbo ya tatu ilikuwa ya mlima. Walipoitegemeza, walilala chali, na dakika ishirini zikapita hakuna aliyesogea. Baada ya fimbo ya nne ilikuwa nusu saa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na niliona aibu hata kwenye masikio. Nilipima muda wa kutembea tu. Kusimama sikukuhesabu. Kosa lile lile nililomkataza Mama Kapinga asilifanye, nililifanya mwenyewe, kwa kalamu, na kwa hesabu hiyo nikaiacha pikipiki ikapita.

"Ilunga, kwa nini hukuniambia kwamba mnapumzika sana hivi?"

"Uliniuliza njia. Kupumzika hapana njia."

Jua lilipozama tulikuwa tumemaliza fimbo saba tu. Wake za watu wa kijiji cha karibu walitupa bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakatuonyesha ghala la mahindi lililokuwa tupu. Sikuwa na njaa. Nilikula kwa sababu wenyeji walikuwa wananitazama.

Matope

Ijumaa saa kumi na moja na nusu alfajiri nilimwambia Ilunga kwamba nataka kutangulia peke yangu.

"Unaweza," alisema. "Lakini mbele iko matope, na mule njia inagawanyika mara tatu. Moja inaenda ku masomo. Ingine inaenda ku mto. Ingine hatujawahi kuona mwenye kurudi atuambie."

Sikujua kama anatania. Nikabaki. Ndani ya matope baiskeli zilizama hadi kwenye ekseli, na desturi yao ni kwamba anayetembea nao anaweka mkono kwenye mzigo. Niliweka mkono. Saa mbili ilipofika, saa ya somo langu, nilikuwa nimekumbatia gunia la chumvi, viatu vikiwa vimefungwa shingoni, maji yakiwa magotini. Niliitazama saa yangu mara moja tu, kisha nikaiweka mfukoni.

"Banakungojea?" Ilunga akauliza.

"Sidhani kama bado wananingoja."

"Sasa tusukume."

Tulitoka kwenye matope saa tatu, baada ya fimbo sita. Kutoka pale njia ilikuwa moja. Ilunga alinifungulia begi, akanipa muwa wa kutafuna, akanionyesha mahali pa kupita. Nikatembea peke yangu nikichechemea. Mara mbili nilisimama nikiwaza kurudi. Kurudi kulikuwa mbali zaidi, nikaendelea.

Ubaoni

Shule ni majengo mawili ya matofali na paa la nyasi kwenye moja. Nilifika saa tano kamili, saa tatu nzima baada ya muda wangu. Prefe alikuwa mlangoni, mtu mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Aliitazama miguu yangu kabla ya kunitazama usoni.

"Fundi saa," alisema.

Kamati ilikuwa ya watu wanne. Watatu walikuwa wamerudi shambani. Aliyebaki ni mwenyekiti wao, Mama Ngoyi, mama mzito wa miaka kama yangu, aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa akimenya karanga kwenye kitambaa.

"Bengine balisema tusiongeze kungoja," aliniambia. "Minyi nilibaki juu karanga hazijaisha. Anza."

Wanafunzi walikuwa kama arobaini. Niligeukia ubao nikaanza kuandika gari A na gari B, barabara iliyonyooka. Mkono wangu ulikuwa na tope hadi kwenye kiwiko. Niliyatazama yale maneno, nikayafuta.

Nikawaambia: "Jana saa saba mchana nilikuwa mahali pikipiki yangu ilipoanguka. Leo saa tano nimefika hapa. Ni saa ishirini na mbili. Nimekuja kwa fimbo kumi na nane." Darasa lilicheka kwa kuijua njia. Nikaandika: fimbo moja, kilomita moja nukta mbili; kumi na nane, karibu kilomita ishirini na mbili; kwa saa ishirini na mbili, kilomita moja kwa saa. Hesabu ilitoka safi, nami nikaipenda.

Msichana wa benchi la tatu alisimama.

"Mwalimu, fimbo ya matope hapana sawa na fimbo ya njia kavu. Ya matope ni mufupi. Nusu."

"Ni kweli?" niliwauliza wengine.

"Ni kweli," darasa lote lilijibu, na nyuma yao sauti ya Mama Ngoyi pia.

Nilisimama na chaki mkononi. Kisha nikafuta. Fimbo kumi na mbili za njia kavu, na sita za matope ambazo ni sawa na tatu: kumi na tano. Ukizidisha kwa moja nukta mbili, ni kilomita kumi na nane. Kugawa kwa ishirini na mbili, karibu nukta nane kwa saa. Nikawaeleza na kosa la jana: kwamba nilihesabu kutembea nikaacha kupumzika, na kwamba kwa hesabu hiyo nilikataa kiti cha pikipiki. Hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Nilisema hivyo hivyo, bila kuipamba.

Kisha nikachora njia ilivyo, imepinda-pinda, na juu yake mstari mmoja ulionyooka kutoka pale nilipoanguka hadi mlangoni pao. "Huu ndio uhamisho. Hauulizi ulipita wapi. Unauliza ulianza wapi, uko wapi sasa, na ni upande gani." Prefe alikuwa na ramani, tulipima, ikawa kama kilomita kumi na moja. Nusu kilomita kwa saa, kuelekea hapa.

Mvulana mmoja mrefu akauliza, "Na kama unarudia Kamina?"

"Nikifika pale nilipoanzia, uhamisho ni sifuri. Kasi ya wastani yenye mwelekeo, nayo ni sifuri."

"Basi hukuenda?"

"Magoti yangu yanasema nilikwenda. Ndiyo maana tunahesabu vyote viwili, njia na mstari."

Walicheka, halafu walianza kubishana wao kwa wao, kwa Kiluba, huku wakichora kwa vidole njia za kwenda mtoni na za kwenda sokoni. Niliwaacha. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliketi juu ya benchi la mbele bila kuomba ruhusa.

Wanafunzi walipotoka, Mama Ngoyi alikuja mbele na karanga zake.

"Weye muntu wa wapi?"

"Wazazi wangu walitoka Kasai. Mimi naishi Kamina tangu mwaka wa tisini na mbili. Watu wa Kasai tulipofukuzwa jimboni humu, tulikuwa tunakwenda kwetu kwa gari moshi, mama akaugua, tukashuka. Shule yangu iliishia pale kituoni."

"Ile mwaka nilikuwa na mimba ya mutoto wa kwanza," alisema. "Nilikuwa kwa shangazi yangu, karibu na reli. Tuliona treni zenu zinapita, bantu bamejaa mpaka juu. Tulitazama tu."

Alinimiminia karanga kiganjani.

"Diplome hauna."

"Sina."

"Ule wa mbele alikuwa nayo. Hakukosea hata siku moja. Mutoto akisimama kumwambia neno, anamufukuza inje." Alimgeukia prefe. "Huyu anafuta. Bale batatu nitabaambia minyi. Mupe darasa, trimestre moja. Tutaona."

Prefe alisema sheria, Mama Ngoyi alisema batoto, na baada ya muda mfupi prefe aliandika kitu kwenye karatasi. Nilipoaga, mama yule aliniita.

"Mwalimu. Masomo yakianza, weye ukuye siku mbili mbele."

Kurudi

Kurudi kulichukua siku tano, na sina nguvu ya kuzisimulia moja moja. Njia ilikuwa ile ile, matope yale yale, na gari moshi lilisimama mahali pengine badala ya pale pa kwanza.

Nyumbani Mado alinikuta nimelala sakafuni kwa sababu kitandani goti lilikataa. Nilimwambia. Aliendelea kuchambua mchele.

"Trimestre moja," alisema. "Na minyi na meza yangu ya sokoni tunabaki hapa."

"Mnabaki hapa."

"Na ukikosea tena hesabu ya njia, usiniambie."

Kwa hiyo jibu ni hili: walinichukua, kwa muhula mmoja, bila diploma, kwa neno la mtu mmoja kati ya wanne. Jana nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya safari upya, nikiweka kila kusimama, kila usingizi, kila gurudumu kupinda. Mama Ngoyi alisema siku mbili kabla. Nitaondoka siku saba kabla.